Kamshafti Mbili za Mzee Harilal

Sanduku lilitoka bandarini Jumanne, na ndani yake mlikuwa na kamshafti mbili za injini ya gari. Alpesh, kijana wa mzee Harilal anayeishi Marekani, alishindwa kuchagua, akatuma zote. Kubwa aliibandika karatasi: "Hii ndiyo dawa, baba. Mtaa mzima utakusikia."

Mzee aliikumbatia ile yenye karatasi kama mtu aliyepewa mjukuu. Mustang yake ya mwaka 1968 ilikuwa na mwezi wa tatu kwenye gereji yetu ya mtaa wa Gerezani, boneti juu, kamshafti ya zamani imelika vinundu. Vinundu hivyo ndivyo vinavyosukuma valvu zifunguke, injini ivute hewa. Vikiisha, injini inabaki kukohoa.

"Tufunge hii," akasema.

"Tufunge hiyo," akaitikia bosi wangu, fundi Bakili. "Mwenye gari kasema."

Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye ndoo ya dizeli. Miaka miwili nimeosha vipuri vya watu. Mchana ndoo, jioni darasa la ufundi, na nikirudi nyumbani Moza wangu ananinusa shingoni: "Mama, unanukia gari." Nilijifuta mikono, nikaokota kadi zilizokuja na shafti, nikazisoma zote mbili. Kisha nikazisoma tena.

"Fundi, hii kubwa ni ya mashindano. Inaacha valvu wazi muda mrefu mno. Itazinyima breki pumzi."

"Mama Moza, daftari halifungi nati."

Alicheka, ila hakucheka sana. Mikono yangu anaijua. "Haya, mwambie mwenyewe. Ukichagua wewe, unafunga wewe, peke yako. Likitembea vizuri, ndoo hii huigusi tena. Likirudi linavutwa kwa kamba, utaosha vipuri mpaka Moza aolewe!"

Nikamwendea mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Gari likipona utalipeleka wapi?"

"Nyumbani, Mtaa wa Msimbazi. Na siku za ibada hekaluni, Kisutu, pamoja na Jashoda. Miguu ya mke wangu haitaki tena kupanda bajaji."

Nikamwomba aingie kwenye pikapu ya fundi. Injini nilikuwa nimeizima. "Kanyaga breki." Akakanyaga, laini. "Tena." Akakanyaga. Mara ya tatu kanyagio likagoma, gumu kama jiwe.

"Imekufa?"

"Haijafa. Breki hizi, kama za gari lako, zinasaidiwa na mvuto wa injini, na hapa nimeuzima. Ukifunga shafti kubwa, gari likiwa kwenye foleni litanguruma kweli, lakini mvuto utakuwa mdogo. Sasa fikiria uko pale sokoni, mkokoteni umekatiza mbele yako, na mama amekaa pembeni."

Aliondoa mguu polepole. Hakunitazama.

"Lakini mlio, binti. Zamani nikikata kona tu, Jashoda alinisikia kutoka ghorofa ya tatu. Nikifika mlangoni, chai iko jikoni inachemka. Siku hizi anakaa tu dirishani. Nilitaka asikie tena."

Hilo halikuwemo katika daftari langu.

"Enzi hizo gari lilikuwa na shafti gani?"

"Ileile lililokuja nayo."

"Basi mlio anaoujua mama ni wa shafti ndogo, iliyo sawa na ile. Hii ya Alpesh akiisikia atasema ni vijana wahuni, atafunga dirisha."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akaibandua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. "Funga ndogo."

Nilifunga kwa siku nne. Kila kinundu nilikipaka grisi maalumu kwa kidole, taratibu, kama ninavyompaka Moza mafuta. Siku ya kuwasha, mafundi wa gereji za jirani walijaa. Shafti mpya ya aina hii, ukiiwasha mara ya kwanza, haitaki kupumzishwa: dakika ishirini za resi mfululizo, injini ikizunguka kwa kasi, la sivyo vinundu vinajila vyenyewe.

"Achia resi, dada, tusikie sailensi!"

"Unaunguza injini ya watu!"

"Bakili, mnyang'anye!"

Nilimtazama Bakili. Alikuwa anatazama saa yake. "Kumi na tatu," akasema. "Endelea."

Ilipotimia ishirini nikaachia. Injini ikashuka, ikatulia kwenye sailensi, mngurumo mzito, wa mpigo mmoja. Wapiga kelele wakaanza kurudi kwenye gereji zao.

Jumamosi saa kumi tulilipeleka nyumbani. Mzee kwenye usukani, mimi pembeni, Bakili nyuma kajikunja kama kifurushi. Kabla ya sokoni, mkokoteni wa nazi ukachomoka kati ya magari mawili. Mzee akakanyaga. Gari likasimama, nazi ziko hatua moja mbele ya boneti.

"Aa, mzee!" mwenye mkokoteni akapiga kelele. "Gari zuri hivi, ungenigonga ningeona fahari!"

Nilicheka.

Tukakata kona ya nyumbani. Mzee akasimamisha gari chini ya jengo, injini ikinguruma, akainua macho mpaka ghorofa ya tatu. Dirisha wazi, hakuna mtu. Tukasubiri. Mwenye duka la vitenge akatoka kutazama, muuza miwa naye, watu wote isipokuwa yeye.

"Hajasikia," mzee akasema.

Nilitoa kichwa nje, nikatazama dirisha lilelile.

"Harilal!"

Sauti ilitokea mlangoni, chini. Mama Jashoda alikuwa ameegemea ukuta, anahema, sari ameishika kwa mkono mmoja. Alikuwa ameshuka ngazi zote.

"Tangu kule kwenye kona nimekusikia. Mimi na miguu hii nimeshafika, wewe umekaa tu! Chai itamwagika."

Mzee hakuzima hata injini. Alifungua mlango akaenda kumshika mkono.

Bakili akajinyoosha kutoka nyuma. "Fundi," aliniita, mara ya kwanza tangu nimjue. "Jumatatu njoo na spana zako."

"Na ndoo?"

"Nitaosha mwenyewe mpaka nipate mtu. Zima gari, watu wanatusubiri kwenye chai."