Farisi wa Mikorosho ya Ausi

Ulikuwapo. Usiseme ulikuwa safarini. Ulisimama uwanja wa shule pale Zinga, mwavuli mkononi, na bikoni za saruji za mpaka zilipotajwa ukainama kuangalia simu. Basi haya yasome, maana kuyaona ulikataa.

Jumamosi ile Mwanamvua binti Mbaruku alikuwa kibarazani anamenya muhogo, farisi akatokea kwenye kijia cha minyaa, yu juu ya farasi wa kijivu, deraya yake ya chuma imeshika kutu mabegani. Mashamba ya huko yana mafarisi wake, wamelala chini ya mipaka. Shamba likigombewa, huamka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Farasi mfunge kule uani kwa Ashatu, hapa atanimalizia muhogo."

"Wangu mimi ndio wa kuliwa?" Ashatu, jirani yake, aliuliza kutoka upande wa pili wa ua.

Farisi aliomba maji, kisha akaomba kisa. Mwanamvua akampa vyote viwili. Mwezi wa nne wapimaji wa kampuni walimkuta anapalilia. Bwanausi, karani wa ardhi, akamwuliza mikorosho ile ni ya nani. Akajibu kama alivyolelewa: ardhi ni yake, kairithi kwa baba, mikorosho ni ya kaka yake Ausi, ndiye aliyeipanda, naye ni marehemu. Pwani mti una mwenyewe na udongo una mwenyewe, na kujitwalia cha maiti ni dhambi. Bwanausi akaandika mstari mmoja tu: mwenye shamba amefariki. Wiki ya pili bikoni zikachimbiwa, ekari sita zikawa za kampuni. Babu yake aliondolewa na Mjerumani kwa bunduki. Yeye kaondolewa kwa kalamu, tena kalamu yake mwenyewe, karani aliiazima.

"Mbona hukusema vyote ni vyako?" farisi akauliza.

"Nije nimjibu nini Ausi?"

Farisi akanoa upanga.

Jumatano baada ya adhuhuri farisi wa kampuni aliletwa uwanja wa shule kwa lori kutoka Dar, deraya inang'aa kama sufuria ya dukani. Bwanausi akaikagua mikuki yote miwili, akagonga muhuri.

Kwa desturi, kabla ya kupigana kila farisi hujitaja kwa baba na babu, kisha humtaja anayempigania.

"Nawapigania wenye hisa," akasema yule wa kampuni.

"Wana majina?" Ashatu akapaza sauti.

"Sikuambiwa, mama."

"Walipanda nini pale shambani?"

Akafikiri. "Bikoni."

Uwanja mzima ukacheka. Nawe ulicheka.

Farisi wa kutu akasema, "Nampigania Mwanamvua binti Mbaruku, mwenye ardhi iliyo chini ya mikorosho ya Ausi." Mwanamvua akafumba macho, kwa sababu alimwona Bwanausi anaandika.

Wakapigana mpaka alasiri. Mikuki ilivunjika, farasi mmoja akachoka akajilalia kama mbuzi, panga zikatoa cheche zilizounguza nyasi za golini. Mwishowe yule wa kampuni akapiga magoti, akavua chepeo kichwani, akakiri mara tatu mbele za watu: shamba ni la bibi. Mwanamvua akachana upindo wa kanga yake, akamfunga jeraha.

Bwanausi akafunga kitabu.

"Ushindi tumeupokea. Ila farisi wako mwenyewe kamtaja Ausi, mama. Ausi ni maiti, na maiti hana hati."

"Lakini nimeshinda, mwanangu."

"Umeshinda, sikatai. Shamba ndilo hulipati."

Watu wakakung'uta vumbi, wakaenda zao.

Sasa mafarisi wote wawili wanakaa kwa Mwanamvua, maana kampuni haikurudi kumchukua wake. Asubuhi wanabangua korosho, mchana wanagombania kivuli. Anawalisha muhogo na kuwakemea wakipitisha farasi kwenye matuta. Bikoni ziko palepale.

Jumatatu saa mbili asubuhi greda linaingia, linaanza na mkorosho ulio karibu na barabara. Greda halina baba wala babu wa kumtaja, kwa hiyo farisi haruhusiwi kulipiga; wote wawili wameshamwambia bibi hivyo, kwa aibu. Wewe hakuna desturi inayokuzuia. Usitume salamu, usitume pole. Njoo usimame mbele ya greda.