Velma wa Gredi ya Sita

Sellah Nyaberi, mchuma chai wa Kimulot, hakuwahi kuingia darasani. Kwa hiyo mtoto wake mdogo alipopewa dawa ya kifua, chupa alimpa Velma, kifungua mimba wake, amsomee. Velma alikuwa gredi ya sita, na kila ripoti aliyosomewa na majirani ilisema anafanya vizuri.

Velma aliitazama chupa kitambo. "Vijiko vitatu, mama, asubuhi na jioni."

Siku ya pili mtoto hakuamka hata kunyonya. Sellah akambeba mbio hadi zahanati. Nesi alipoisoma chupa, akashika kichwa. "Imeandikwa nusu kijiko! Nani alikusomea?"

Kwa neema ya Mungu mtoto alipona. Sellah aliporudi nyumbani alimwita Velma. "Nisomee hapa."

Msichana akaangua kilio. "Sijui, mama. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili tu. Nilibahatisha."

Sellah alifika shuleni amevaa gambuti zake za shambani. Mwalimu mkuu, Kiptum, alimpa kiti. Hakukaa.

"Mama Velma, nina walimu wanne na watoto mia tatu. Nifanyeje?"

"Ungeniambia! Miaka sita unaniandikia anafanya vizuri. Nani alikutuma unidanganye? Na watoto wako wanasomea wapi?"

Watoto wa Kiptum walikuwa akademi ya Silibwet, shule ya kulipia, na hakuna asiyejua.

Kesho yake, kwenye kituo cha kupimia majani, Sellah aliwaambia wenzake. Ijumaa wakaenda shuleni akina mama kumi na mmoja, kila mmoja na mwanawe, wakajaa mbele ya ofisi. Mtoto mmoja mmoja alipewa kitabu cha gredi ya pili asome kwa sauti. Walioweza ni wawili. Rodah, mjane, alimpokonya mwanawe kitabu akakibwaga miguuni pa mwalimu mkuu.

"Sasa andika," Sellah akasema. "Andika kwenye ripoti kwamba hajui kusoma. Na upige muhuri."

Kiptum aliandika ripoti tisa, jasho likimtoka.

Mwalimu wa tano hakuletwa muhula huo, wala uliofuata. Velma alirudishwa gredi ya pili, akaketi na watoto waliomfika kiunoni, wakimcheka. Mamake, kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma, alisimama dirishani pa darasa na kikapu mgongoni, mpaka mwalimu aingie aanze kufundisha.