Mjakaranda wa Mwalimu Selina

Qamara alikuwa juu ya mjakaranda, mkanda umembana kiunoni, chenso, msumeno wake wa injini, inaning'inia kwenye kamba, aliposikia tena sauti kutoka chini.

"Hilo liache!"

Alifumba macho. Lilikuwa tawi la nne. La kwanza Mwalimu Selina alilikataza kwa sababu linampa kivuli akichambua mboga. La pili liliwazuia majirani kuchungulia uani. La tatu hakutoa sababu yoyote. Na hii ilikuwa mara ya tatu Qamara kuja: Jumatatu alirudishwa kwa kuwa nguo zilikuwa zimeanikwa, Jumatano kwa kuwa jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali hapo.

"Mwalimu, sasa uliniita nikate nini?"

"Nilikuita uupunguze mti, sio uunyonyoe."

Angekuwa mteja mwingine, Qamara angeshafungasha vifaa akaenda zake. Lakini huyu alimfundisha darasa la nne, na mpaka leo akimwita kwa jina alijiona kama hajamaliza zoezi. Chini, Saruni, mwenzake wa kazi kutoka Enguserosambu, alishika kamba akitazama pembeni ili asionekane anacheka.

Hili la nne ndilo hasa lililomleta. Lilikuwa nene, limelala juu ya bati la jiko, na pale lilipoungana na shina palikuwa na shimo. Aligonga kwa mpini wa panga. Ndani pakalia patupu.

"Limeoza, mwalimu. Upepo mmoja tu, linakuangukia unapika."

"Linachanua kila mwaka. Kitu kilichooza kinachanua?"

Hapo Qamara alichoka. Alishuka, akaegemeza ngazi kwenye shina, akasema kwa adabu kidogo iliyokuwa imembakia, "Panda uone mwenyewe."

Alidhani atakataa. Mwalimu Selina alivua kandambili, akakaza kanga kiunoni, akapanda, wale wawili wakishikilia ngazi. Akaingiza mkono kwenye shimo. Ukazama mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa, kiganja kilikuwa kimejaa unga mweusi, wenye unyevu. Akalitazama bati chini yake, moshi wa chai ya asubuhi ukiwa bado unafuka. Akashuka.

"Kata."

"Sawa, mwalimu."

"Kata mti wote."

"Mwalimu!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Shina ni zima! Tangu Jumatatu nabembeleza tawi moja, leo unataka kuua mti?"

"Usinipigie kelele, Qamara."

"Samahani, mwalimu."

Wakabishana karibu nusu saa. Alimzungusha shina lote, akagonga huku na huku, akamlazimisha atege sikio, mpaka yule mama akakubali kwa shingo upande kwamba matawi mengine yabaki, ila Qamara arudi kuyakagua kila mwaka kabla ya masika.

Tawi lilikatwa vipande vipande, Saruni akiviteremsha kwa kamba kimoja kimoja, bati lisiguswe. Kipande cha mwisho kilipasuka chenyewe kilipogusa ardhi. Ndani kilikuwa wazi kama bomba.

Mwalimu Selina akakisukuma kwa mguu. "Na hapa chini ndipo nimekuwa nikipika," alisema taratibu. Kisha akainua uso, akalitazama kovu kwenye shina kwa muda mrefu.

"Hapo mbona umekata upande?"

Qamara akaweka chenso chini, akaomba maji ya kunywa.