Kijani cha Mlango wa Mama

Jana mchana, mwanangu kalala kifuani mwangu na kompyuta inajifanyia kazi mezani, usingizi ulinipitia nikaota nimeitwa kuizika lugha.

Si lugha ya watu. Mchezo wa kompyuta una lugha yake, kadi inayochora picha ina yake, na baina yao lazima pawe na lugha ya kati, la sivyo kioo kinabaki cheusi. Ile ya zamani aliitengeneza dada yangu Saumu kwa miaka tisa, kabla maradhi ya figo hayajamwondoa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuifuta na kuweka mpya. Nilikubali haraka mno, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nafika ofisini, mtoto mikononi, nakuta pamekuwa mahali pa kuandikisha vizazi. Dirishani ameketi pembetatu, kavaa miwani, kashika mhuri. Sikushangaa. Picha zetu zote huchorwa kwa pembetatu, na wao pia wanahitaji ajira.

Lugha ya zamani nayo ipo, ni kabati lililoegemea ukuta.

"Droo zangu zilipokea chochote," linaniambia. "Asubuhi rangi, mchana kivuli, droo ile ile. Nani alilalamika?"

"Hakuna."

"Sasa mbona mnanitupa?"

"Kadi za siku hizi hazikuelewi."

Kabati likalia mpaka droo zikafunguka zenyewe.

"Katika lugha mpya," pembetatu akasema, "jina hupewa mmoja, mara moja, basi. Huyo uliyembeba anaitwa nani?"

"Saumu."

"Limeshatolewa."

Akanielekeza benchi kwa kalamu. Dada Saumu alikuwa amekaa pale, chupa ya chai ya tangawizi miguuni, kama alivyozoea kunisubiri nimalize kuharibu kazi zake.

"Kwetu mtoto hurithi jina la aliyetangulia," nikamweleza pembetatu. "Huyu ni somo yake."

"Hapa hatuna mambo ya somo. Abaki nalo mmoja."

Nilipaswa kumtetea dada. Nikamkumbatia mtoto, kwa sababu yeye alikuwa mikononi mwangu na dada alikuwa mbali.

"Mpe mtoto," dada akasema. "Mimi nimeshalitumia, mdogo wangu."

Pembetatu akagonga mhuri. Tangu hapo dada akawa namba tu, Arobaini na Saba.

Hapo hapo akaingia mfagiaji, na ufagio wake mrefu. Kazi yake naijua, maana nilimwandika mimi mwenyewe ndani ya lugha mpya: kisichotumiwa na yeyote hukiondoa.

"Arobaini na Saba. Nani anamtumia?"

"Namkumbuka kila siku," nikasema.

"Kukumbuka si kutumia."

Nikahangaika kutafuta. Nikakumbuka desturi yake. Kila alipobadilisha kitu, hata kidogo, alichora pembetatu moja ya kijani kupima kazi, kijani kile kile cha mlango wa jiko la mama, na hakwenda nyumbani mpaka kitoke sawasawa.

"Kijani chake!" nikapiga kelele. "Mpaka leo tunapimia kazi kwa kijani chake!"

Mfagiaji akaegemea ufagio, akawaza.

"Basi kijani kinabaki," akasema. "Aliyekitengeneza hahitajiki tena."

Dada alifungua pindo la khanga, akatoa kile kijani, akakitia kiganjani mwa mwanangu na kumfumba vidole.

"Shika, somo yangu. Baba yako mvivu wa kupima."

Akaenda kuelekea ufagio, taratibu, chupa yake ya chai mkononi. Nilijua napaswa kumwita kwa namba. Ulimi ulikataa.

"Saumu!" nikaita. "Saumu!"

Aliyegeuka ni mtoto.

Nikaamka uso umelowa. Kompyuta ilikuwa imemaliza: lugha ya zamani imefutika yote, hakuna kosa hata moja. Mwanangu alikuwa macho, ananitazama, ngumi kaifumba. Nikaifungua kidole kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na gamba la rangi kavu, la kijani, dogo kama punje ya mtama.

Mlango ule wa jiko la mama tuliung'oa siku ya pili ya matanga ya dada, kuni zilipokwisha, tukaupasua tukapikia watu. Mtoto huyu alikuwa hajazaliwa.