Mkate wa Kamanda Gulbaz

Wenzangu wote waliokwenda kumhoji Kamanda Gulbaz walirudi na matumbo yamejaa na kanda tupu. Kwetu Wapashtuni, ukishakula chumvi ya mtu huwezi kumwaibisha, na mzee huyo alihakikisha chakula kinatangulia kamera. Mimi ni mtoto wa Peshawar. Ujanja huo niliujua tangu sijaota meno ya mbele.

Malori ya unga wa msaada yalikuwa yamepita kwenye kizuizi chake yakayeyuka, na mji wa bondeni ulikuwa na njaa. Bosi wangu wa televisheni akanipigia kutoka Karachi.

"Palwasha, niletee jibu lake, au urudi utusomee hali ya hewa."

Hali ya hewa! Nimehangaika miaka kupata kazi ya kuripoti nje, halafu nirudi kuonyesha mawingu?

Ngomeni kwa Gulbaz tulikuta kitambaa kimetandikwa, juu yake rundo la mikate ya naan ya moto. Tufail, mpiga picha wangu, akameza mate.

"Dada, hata kipande?"

"Ukigusa tu, nakuacha hapa hapa wakuozeshe mke."

Gulbaz akafungua mikono. "Karibu, binti yangu. Tule kwanza, maneno hayakimbii."

"Tuongee kwanza, mjomba. Mimi nikishiba nasinzia."

Watu wake wakacheka. Yeye hakucheka. Mgeni aliyekula kwako utamlinda kwa damu yako, lakini asiyekula hana wa kumlinda. Niliogopa, sikatai. Ila jibu lile nililitaka zaidi.

"Malori ya unga yako wapi?"

"Unga gani? Bonde zima halina unga. Hata sisi hapa tunalala njaa."

Tufail, Mungu ambariki, akainamisha kamera polepole mpaka kwenye zile naan, akaiacha hapo.

Gulbaz akaifuata kwa macho. Uso ukamwiva. Akachukua mkate mmoja, akaninyooshea.

"Kula."

Ningemega tonge moja tu, kanda ile ingefia mkobani mwangu. Niliupokea kwa mikono miwili, nikaufunga kwenye ushungi.

"Ahsante, mjomba. Nitaula mjini, pamoja na wenyewe."

Gulbaz akamwangalia mlinzi wa mlangoni, akimsubiri atuzuie. Mlinzi akainama, akafungua mlango, akatoka nasi bila kuaga.

Alitusindikiza mpaka garini, bunduki begani, na hakuna aliyetufuata. Tufail akawasha injini. Ndipo yule mlinzi alipoinamia dirisha langu.

"Dada, huo mkate mpelekee mama yangu kule mjini. Nyumba ya nyuma ya msikiti, mlango wa bluu."

Kanda ile ndiyo iliyonipa kazi ya kuongoza ofisi yetu ya Kabul, na bosi mwenyewe alinipigia kunipongeza. Lakini siku ile, kabla ya kuituma, nilipita kwanza nyuma ya msikiti.