Sura ya Kipa

Restuta ndiye aliyetaka watoke Makutupora mapema waende mjini. Mechi ilikuwa jioni, lakini mpira haukumhusu sana. Alitaka kwanza apite soko la Majengo, kisha aone picha ambazo watu walisema zimechorwa vichochoroni kwa ajili ya mchezo. Mumewe, Sostenes, alikubali bila ubishi. Siku hizi alikuwa mtu wa kukubali.

Sokoni alimfuata nyuma, mkono ameuweka begani kwake. Restuta alifurahi moyoni. Tangu waoane alikuwa hajawahi kushikwa hivyo mbele za watu. Alichagua vitenge viwili, akamwonyesha.

"Hiki au kile?"

"Vyote vizuri," Sostenes akasema.

Vichochoroni kuta zilijaa rangi: ng'ombe wenye nundu, wanawake wamebana ngoma mapajani, vichala vya zabibu, wachezaji wa timu ya nyumbani. Kwenye ukuta wa mwisho, mchoraji mmoja aitwaye Hanifu alikuwa juu ya ngazi, akimchora mtu anayeruka.

"Kipa wetu huyo," akawaambia.

Sostenes akasogea karibu. "Umempatia, ndugu yangu. Hata sura ni yake mwenyewe."

Hanifu akacheka. "Mzee una utani. Sura si bado sijaichora?"

Sostenes naye akacheka, ila alichelewa kidogo. Restuta hakucheka. Penye uso wa kipa palikuwa na duara la chokaa tupu, kubwa kama ungo.

Mambo yakaanza kumjia, moja likivuta jingine: baiskeli ambayo mumewe aliiacha akisingizia goti, matawi mazima ya mizabibu aliyoyakata wakati wa kupogoa, akadai yana wadudu, chai iliyomwagwa pembeni ya kikombe. Na mkono ule begani.

Akamvuta kando.

"Baba Loisi, kilemba changu kina rangi gani?"

Sostenes akasema, "Jicho la kulia limezima. La kushoto ni kama natazama ndani ya chandarua."

"Tangu lini?"

"Mavuno yaliyopita."

"Na tunalala kitanda kimoja."

"Ungenipeleka hospitali, Mama Loisi, na kule wangeniambia ndiyo basi. Nilitaka nikae bila kujua."

"Hukukaa peke yako. Umenikalisha na mimi."

Alitaka warudi nyumbani palepale. Sostenes akamwomba waende uwanjani, asikie hata kelele. Wakaenda. Restuta, asiyejua vizuri sheria za mpira, akawa anamsimulia sikioni: wa kwetu anao, amenyang'anywa, sasa wanakimbia huku. Goli lilipoingia uwanja ukalipuka.

"Letu au lao?" Sostenes akauliza.

"Letu."

Sostenes alisimama kushangilia wakati wenzake walishaanza kuketi.

Jumatatu daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kulia halirudi. La kushoto lingebaki na nuru zaidi kama wangewahi; sasa watalipigania hilo hilo lililobaki.

Dawa ya matone Restuta anamtia kwa mkono wake, asubuhi na jioni. Sostenes humshukuru kila mara, naye hujibu "Haya," basi. Hasira bado anayo, na hajui aipeleke wapi, maana mtu ambaye yeye amezoea kumweleza yanayomuuma ndiye huyo huyo aliyelala chali mbele yake, anasubiri tone lidondoke.