Maharage Yaliyotoa Rangi

Mpishi mkuu wa shule alikuwa akiosha maharage ya kesho pale maji yalipogeuka rangi ya waridi ndani ya beseni. Akayamwaga, akatia mengine. Yakageuka tena, safari hii kwa mbali, kama maji yaliyosuuziwa kitambaa kinachochuja.

Alikulia shambani, na rangi ile aliijua. Mbegu za dukani hutiwa dawa ya kuua wadudu, kisha hupakwa rangi makusudi ili kila anayeziona ajue ni za kupanda, si za kula. Baba yake hakumruhusu yeye na mdogo wake hata kuzichezea.

"Maharage ya leo umeyatoa gunia gani?" akamuuliza msaidizi wake.

"Hilohilo, Mama Mwiko. Kwani vipi?"

"Hukuona rangi ulipoyaosha?"

"Niliyaosha alfajiri, na ile taa imeungua. Sikuona kitu."

Mama Mwiko, maana ndivyo shule nzima ilivyomwita, akageukia sufuria kubwa. Chakula cha watoto mia nne kilikuwa kinatokota, vitunguu vimekolea, harufu yake inamtoa mtu udenda. Saa tano na nusu wadogo wa chekechea wangeingia kula. Ilikuwa saa tano kasorobo.

"Kuna aliyeonja?"

"Hakuna."

"Vuta kuni zote. Na asionje mtu."

Maharage hayo yaliletwa jana yake na shemeji yake, mume wa mdogo wake. Ni Mama Mwiko mwenyewe aliyempeleka kwa mwalimu mkuu apewe kazi ya kuleta vyakula, akamdhamini kwa mdomo wake kwamba ni mtu wa kuaminika. Sasa shemeji huyo alikuwa getini anashusha kabeji. Akaitwa, akaingia anajifuta jasho.

"Shemeji, maharage uliyatoa wapi?"

"Sokoni. Wapi tena?"

"Usinizungushe."

Akacheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akashusha sauti. "Kuna muuza pembejeo alibakiwa na mbegu za msimu uliopita. Akaniambia ni rangi tu, ukiosha inatoka. Nimeyaosha mwenyewe mara tatu, nikayaanika juani."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika mlangoni, na maneno hayo aliyasikia yote. "Una uhakika yana sumu?" akamuuliza Mama Mwiko. "Watoto hawa wengine wametoka kwao bila chai."

"Sina uhakika, mwalimu. Ndiyo maana hayaliwi. Wali uko tayari, kabeji hizo hapo. Nipe nusu saa."

"Jamani, mnakuza mambo," shemeji akasema. Akachukua upawa, akachota, akaupeleka mdomoni.

Mama Mwiko akaupiga upawa kwa kiganja. Mchuzi ukarukia ukutani.

"Unanidhalilisha mbele za watu!" shemeji akafoka. "Mbona mdogo wako kayapika jana? Mimi nilichelewa nikala njiani, lakini yeye kala, na hakufa!"

"Kaamkaje leo?"

Shemeji akaitazama sufuria.

"Nakuuliza, kaamkaje?"

"Tumbo lilikuwa linamsokota," akasema polepole. "Alitapika. Tukajua ni malaria."

Mama Mwiko akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Mwalimu mkuu hakusubiri kuombwa, akatoa funguo za gari mfukoni.

"Kabeji zikate wewe," Mama Mwiko akamwambia msaidizi wake akiwa tayari mlangoni. "Sufuria hiyo ifunike, uketi karibu yake mpaka watu wa afya waje."

Walifika nyumbani kwa shemeji wote watatu, wakamkuta mdogo wa Mama Mwiko sakafuni, amelowa jasho chapachapa, mate yanamtiririka, mboni za macho zimenywea kama tundu la sindano. Hospitalini daktari alisikia neno mbegu tu, akauliza, "Zilitiwa dawa gani?" Hakuna aliyejua. "Naanza kumtibu, lakini nileteeni jina. Sitaki kubahatisha."

Shemeji alitoka mbio. Aliporudi alikuwa amekumbatia gunia tupu zilimokuwa mbegu za yule muuza pembejeo, nguo zimejaa vumbi la waridi. Daktari akasoma kibandiko, akaita wauguzi.

Siku mbili Mama Mwiko alikaa kwenye benchi la korido, akisikiliza kila mlango unaofunguliwa. Siku ya tatu mdogo wake alifumbua macho, akataka uji. Alipoambiwa yaliyotokea, aliuliza neno moja tu: "Watoto walikula?"

"Walikula wali na kabeji. Walilalamika haina chumvi."

Duka la pembejeo lilikuwa limefungwa na mwenyewe yuko polisi. Shemeji naye aliitwa akaandike maelezo, na shule ilikuwa imemwondoa. Alikaa mwisho wa kitanda, hainui uso.

"Kwenye gunia palichorwa fuvu," akasema. "Nililiona, shemeji. Na maandishi nilikuwa na uwezo wa kuyasoma. Sikuyasoma."

Mama Mwiko alikoroga uji upoe, akauonja yeye kwanza, ndipo akamnywesha mdogo wake.